Babu amerudi: nani kasema?

Mkristo au Mwislamu wa kwetu ukimuuliza kama mtu akifa huzaliwa tena katika mwili mwingine, atakuambia hapana, na pengine atashangaa swali limetoka wapi. Maandiko anayo. Mkristo atakutajia Waebrania 9:27, kwamba watu wamewekewa kufa mara moja, na baada ya kufa hukumu. Mwislamu atakupeleka kwenye Sura ya Al-Muuminun, aya ya 99 na ya 100, ambamo mwovu aliyefikiwa na mauti anaomba arudishwe akatende mema, anakataliwa, na mbele yake iko barzakhi, yaani kizuizi, mpaka siku ya kufufuliwa. Mjadala umekwisha. Wiki inayofuata mtu huyohuyo anakwenda kumtazama mjukuu aliyezaliwa, anamfunua khanga, anatazama masikio na vidole vya miguu, kisha anatamka mbele ya ukumbi mzima: "Huyu babu yake, amerudi." Hakuna anayemkosoa, na mchungaji akiwepo hucheka pamoja na wengine.

Si utani mtupu. Kwa Wajaluo, mtoto akilia usiku kucha bila ugonjwa unaojulikana, wazee kimila hutaja majina ya waliokufa moja baada ya jingine. Akinyamaza kwenye jina fulani, basi mwenye jina ndiye aliyekuwa akilidai. Wakati mwingine marehemu humjia mtu ndotoni, akadai jina kabla mtoto hajatoka tumboni. Kwa Wakalenjin, kina mama wazee hutaja majina ya wahenga wa ukoo huku mtoto akisogezewa ugoro puani. Akipiga chafya, jina lililokuwa mdomoni mwa mtajaji ndilo lake. Mtu wa mjini anaweza kuucheka ugoro, lakini utaratibu huu una akili yake. Una jaribio, una mashahidi, na una jibu ambalo kila aliyekuwepo ameliona kwa macho yake. Udhaifu wake tutaukuta tena, safari hii kwa profesa wa Marekani.

John Mbiti, kasisi wa Kianglikana na mwanazuoni kutoka Ukambani aliyefundisha Makerere, aliliandika jambo hili mwaka 1969 katika kitabu chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Kwa maelezo yake, kurudi huku ni kwa sehemu tu. Sura, tabia au alama za marehemu huonekana kwa mtoto, lakini marehemu mwenyewe hubaki huko aliko, miongoni mwa wafu ambao bado wanakumbukwa kwa majina. Ndiyo maana babu mmoja anaweza kurudi kwa wajukuu watatu kwa mpigo. Kwa Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la baba wa baba yake hata kama mzee yu hai, amekaa kivulini anakunywa chai. Ikiwa hii ni roho inayohama, hesabu haiingii. Ikiwa ni ukoo unaojiendeleza, inaingia bila shida.

Hiyo ni imani tofauti kabisa na ya Wahindu na Wajaini, majirani zetu wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka mia. Kwao nafsi nzima huuacha mwili mmoja na kuingia mwingine, na hali ya maisha mapya hutegemea matendo ya yale yaliyopita. Wadruzi, jamii ya kidini ya Lebanoni na Syria, nao wanaamini kwamba mtu akikata roho huzaliwa papo hapo, Mdruzi kwa Mdruzi, mwanamume kwa mwanamume. Mabuda wanakubali kuzaliwa tena lakini wanakana kwamba kuna nafsi ya kudumu inayosafiri. Tukisema tu "imani ya kuzaliwa tena", tumeshachanganya mambo manne yasiyokubaliana.

Nionavyo mimi, ubishi wa suala hili umekaa pasipo pake. Waumini na wapinzani wanagombana kama tukio lilitokea au la: kama mtoto alisema kweli, kama mgonjwa aliiona nuru, kama yule dada alipandwa na pepo. Mara nyingi limetokea. Palipo na shaka ni pale mtu wa pili anapoingia, mzazi, mganga, padri au mtafiti, na kulipa tukio jina.

Mtafiti aliyelichukulia jambo hili kwa uzito kuliko wote ni Ian Stevenson, mzaliwa wa Montreal, aliyekuwa mkuu wa idara ya magonjwa ya akili katika Chuo Kikuu cha Virginia. Tangu miaka ya 1960 hadi alipozeeka alizunguka India, Sri Lanka, Burma, Uturuki, Lebanoni, Alaska na Nigeria akikusanya habari za watoto wanaosema waliwahi kuishi. Chester Carlson, mvumbuzi wa mashine ya fotokopi, alipokufa mwaka 1968 alikiachia chuo dola milioni moja kwa ajili ya kazi hiyo. Visa vilivyokusanywa na kitengo chake vimezidi 2,500, na vina mwelekeo unaofanana. Mtoto huanza kusema akiwa na miaka 2 hadi 4, hutaja watu na mahali, mara nyingi hueleza namna alivyokufa, na kufikia miaka 7 au 8 wengi wameshasahau. Zaidi ya nusu ya wanaotajwa walikufa vifo vya ghafla au vya ukatili. Wengine wana alama za kuzaliwa mahali ambapo marehemu alijeruhiwa. Kuhusu hizo peke yake aliandika juzuu mbili nene mwaka 1997.

Stevenson hakuwa mganga wa redioni. Alihoji mashahidi mmoja mmoja, aliwarudia baada ya miaka, aliomba vyeti vya hospitali, na mwenyewe aliandika orodha ya njia ambazo kisa kinaweza kuwa cha uongo au cha kujidanganya. Vitabu vyake havidai kwamba amethibitisha. Vinasema visa "vinaashiria". Anayemtupa bila kumsoma anamwonea.

Kisa chake kinachosifiwa sana ni cha mwaka 1964, katika kijiji cha Wadruzi kiitwacho Kornayel, milimani Lebanoni. Uzuri wake ni kwamba Stevenson alifika kabla familia mbili hazijakutana, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kulishana maneno. Mtoto alikuwa wa kiume, miaka 5. Tangu alipoanza kusema alikuwa akitaja majina, hasa la mwanamke mmoja aliyemsifu kwa uzuri, na akitaja lori lililomponda mtu miguu. Alifurahi kupita kiasi kwamba anaweza kutembea. Siku moja barabarani alimkimbilia mgeni kutoka kijiji cha Khriby na kumkumbatia, akidai alikuwa jirani yake. Wazazi waliyaunganisha hayo wakapata mtu: bwana wa Khriby, jina lake hili, mkewe yule mwanamke mzuri, aliyekufa kwa kugongwa na lori.

Stevenson alifika Khriby akakuta mtu mwenye jina hilo yu mzima. Aliyegongwa na lori alikuwa mwingine katika ukoo uleule, na maisha yake hayakulingana na maelezo mengine ya mtoto. Ndipo akapatikana wa tatu, kijana aliyekufa kwa kifua kikuu mwaka 1949 baada ya kulala kitandani muda mrefu bila kuweza kutembea, ambaye alikuwa na mpenzi asiyewahi kumwoa, na jina la mpenzi huyo lilikuwa lilelile. Kwa hesabu ya Stevenson, kati ya mambo 57 aliyoyaandika, 51 yalikuwa sahihi kwa kijana huyu.

Hapo msomaji anaweza kwenda njia mbili. Anayeamini atasema: tazama, wazazi walikosea karibu kila kitu, lakini maneno ya mtoto yenyewe yalimpata mtu halisi, tena mtu ambaye hakuna aliyemdhania. Na kuna zaidi. Kijana alikufa miaka 9 kabla mtoto kuzaliwa, jambo lisilopatana na imani ya Wadruzi ya kuzaliwa papo hapo. Kama kisa kingekuwa kimefinyangwa na imani, kwa nini hakikufinyangwa vizuri?

Mwanafalsafa Leonard Angel, aliyekichambua kisa hiki miaka ya 1990, alikwenda njia ya pili. Alidai kwamba haijulikani mtoto alisema nini hasa kwa kinywa chake na kipi kilitoka kwa wazazi. Dhana ya kwanza ilipoanguka, mtafiti hakuandika kwamba imeanguka. Alitafuta ndani ya ukoo mpaka akampata anayefaa, na kila kisicholingana kikahesabiwa kuwa kosa la wazazi. Katika ukoo mkubwa wa kijiji cha mlimani, mwenye kifua kikuu na mwenye mpenzi wa siri hawakosekani.

Mimi namuunga mkono Angel kwa sehemu kubwa, ila si kwa yote. Mpaka leo sijaona maelezo mazuri ya furaha ya mtoto yule ya kutembea, ikiwa kweli aliionyesha kabla mtu yeyote hajamfikiria mgonjwa wa kitandani. Lakini neno "ikiwa" limebeba mzigo wote, kwa sababu hakuna aliyeandika. Ni udhaifu uleule wa ugoro. Chafya ni ya kweli, kila mtu ameisikia, ila ni wazee wanaochagua majina yapi yatajwe, kwa mpangilio gani, na lini waache kutaja.

Kuna hoja nyingine dhidi ya kuzaliwa tena ambayo mimi naiona nzito kuliko ya Angel, na ajabu ni kwamba imejengwa kwa takwimu za Stevenson mwenyewe. Sheria za kurudi zinafuata mipaka ya jamii. Kwa Wadruzi hakuna mwanamke anayekumbuka kuwa mwanamume. Kule Burma wapo wengi. Kwa Watlingit wa Alaska marehemu hurudi katika ukoo wa mama. Kwa Waigbo wa Nigeria, ndani ya familia pana. India anaweza kuibukia mji mwingine, hata tabaka jingine. Ingekuwa sheria ya maumbile, ungetarajia ifanye kazi namna moja kila mahali, kama mimba inavyochukua miezi tisa Mwanza na Mandalay.

Stevenson alilijua hilo na alikuwa na majibu mawili. La kwanza: huenda visa visivyolingana na mila hutokea lakini wazazi huvizima. Mtoto wa Kidruzi anayesema alikuwa mwanamke atanyamazishwa siku ya kwanza. La pili: huenda imani ya mtu akiwa hai ndiyo inayoamua atakavyorudi, kwamba asiyeamini kubadilika jinsia hatabadilika. Jibu la kwanza ni la busara na linaweza kuchunguzwa. Hata yale mataifa yanayoamini maisha ni mamoja tu huenda yana visa vinavyofia jikoni mama anapomwambia mtoto aache upuuzi ale uji. Jibu la pili silikubali. Nadharia ikishafika mahali ambapo kila matokeo yanaipa nguvu, haijasaidia kujua chochote.

Mwenyewe aliacha jaribio la mwisho. Zamani, akiwa bado na nguvu, alinunua kufuli la namba, akaifunga droo ya faili ofisini, na namba za kulifungua akazificha katika neno alilolijua yeye peke yake. Aliwaambia wenzake kwamba akifa na akajikuta yupo, atajitahidi kuwapelekea neno hilo. Alikufa Februari 2007, na sijasikia kufuli hilo limefunguka.

Kuhusu wanaodai kukumbuka maisha ya zamani kwa kulazwa usingizi wa hipnosisi, sitapoteza muda mwingi. Mwaka 1952 mama mmoja wa Colorado alianza kuzungumza, akiwa katika hali hiyo, kwa lafudhi ya Kiayalandi na kujiita Bridey Murphy wa karne ya 19. Marekani nzima ilipagawa. Kisha gazeti moja la Chicago likagundua kwamba utotoni mwake, ng'ambo ya barabara, aliishi mama wa Kiayalandi ambaye jina lake la ujana lilikuwa Bridie Murphy. Baadaye mwanasaikolojia Nicholas Spanos wa Kanada aliwalaza watu kwa namna hiyo na kuona kwamba maisha waliyoyakumbuka yalifuata kile walichodokezwa kabla ya kulala. Mmoja alisema yeye ni Julius Caesar, mfalme wa Roma, na mwaka ni wa 50 baada ya Kristo. Caesar aliuawa mwaka 44 kabla ya Kristo, na mfalme hakuwa. Wanaouza huduma hii Nairobi au London wanauza ndoto kwa saa.

Matukio ya mlangoni mwa mauti ni habari nyingine, na hapa lazima wenye mashaka watembee polepole. Mwaka 2001 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa daktari wa moyo wa Uholanzi, Pim van Lommel. Walihojiwa wagonjwa 344 ambao mioyo yao ilisimama wakarudishwa, katika hospitali 10. Kati yao 62, yaani asilimia 18, walikuwa na la kusimulia: utulivu mkubwa, kutoka nje ya mwili, nuru, jamaa waliotangulia. Van Lommel aliuliza swali la maana. Kama ni ubongo kukosa oksijeni tu, mbona wote walikosa oksijeni na wasimulizi ni 62? Unaweza kumjibu kwamba wote huota usiku na wachache hukumbuka asubuhi. Lakini alipowafuatilia baada ya miaka 2 na tena baada ya 8, waliosimulia walikuwa wamepungukiwa na hofu ya kifo kuliko wenzao. Kitu kilichobadilisha maisha ya mtu kwa miaka 8 si haki kukiita "kizunguzungu tu".

Daktari Sam Parnia alibuni jaribio zuri zaidi. Katika hospitali 15 za Uingereza, Marekani na Austria ziliwekwa rafu karibu na dari zenye picha ambazo aliye kitandani hawezi kuziona. Anayeelea juu ya mwili wake angeziona. Matokeo yalitoka mwaka 2014. Katika matukio 2,060 ya moyo kusimama, walionusurika na kuweza kuhojiwa walikuwa 140. Kati yao 101 walikamilisha mahojiano ya kina, na takriban asilimia 9 ya hao 101 walikuwa na tukio la namna hii. Mmoja alieleza mambo ya chumbani ambayo yalithibitishwa kuwa sahihi. Ila chumba chake hakikuwa na rafu.

Upande wa ubongo nao una yake. Mwaka 2002, huko Geneva, timu ya Olaf Blanke ilichochea kwa umeme sehemu moja ya ubongo wa mgonjwa wa kifafa, naye akajiona anaelea na kuutazama mwili wake kitandani. Mwaka 2023 Jimo Borjigin, mtafiti wa ubongo wa Chuo Kikuu cha Michigan, alichapisha rekodi za ubongo za wagonjwa 4 walioondolewa mashine za kupumulia. Wawili walionyesha mlipuko wa mawimbi ya kasi, yale yanayohusishwa na fahamu, moyo ukiwa unaelekea kusimama. Waliona nini, haiwezekani kuwauliza, wote walifariki.

Wapinzani wakifika hapa hupiga makofi mapema. Kuonyesha sehemu ya ubongo inayofanya kazi wakati mtu anaona nuru hakuamui kama nuru ipo. Nikitazama embe, sehemu ya kuonea ubongoni mwangu inafanya kazi, na embe lipo mezani hata hivyo. Tofauti ni kwamba embe wengine wanaweza kulishika na kulila. Nuru ya mgonjwa hajaishika mtu wa pili, na ndiyo maana rafu za Parnia zilikuwa jaribio sahihi ingawa hazijatupa jibu.

Simulizi za India zinaonyesha vizuri maana inavyoingia. Mwaka 1986 Satwant Pasricha, mwanasaikolojia wa India, na Stevenson walichapisha visa 16 vya watu wa huko waliodhaniwa wamekufa. Handaki lenye nuru halikutawala kama katika simulizi za Wazungu. Walichukuliwa na wajumbe wa Yama, mungu wa mauti, wakafikishwa mbele ya mtu mwenye daftari, na kwa wengi wao karani alipotazama akakuta wamemleta siye. Aliyetakiwa alikuwa mwingine, pengine mwenye jina kama hilo. Wakarudishwa. Mtu yeyote aliyewahi kufuatilia cheti cha kuzaliwa ataielewa ofisi hiyo bila kuelezwa. Mzungu hurudishwa kwa kuwa kazi yake duniani haijaisha; Mhindi hurudishwa kwa kuwa faili limekosewa.

Muumini ana jibu hapa, na naliona lenye nguvu. Atasema mavazi ni tofauti lakini kiwiliwili ni kimoja: kutoka, kukutana na mwenye mamlaka, kurudishwa. Msafiri husimulia kwa maneno aliyo nayo. Ni kweli. Ila ukikubali hivyo, umekubali pia kwamba mavazi si ushahidi. Mkristo hawezi tena kusema alimwona Yesu kwa hiyo dini yake ndiyo ya kweli, wala Mhindu kwamba alimwona karani wa Yama. Kinachobaki baada ya kuvua mavazi ni kidogo mno kuweza kujengea mafundisho.

Namheshimu katika hili A. J. Ayer, mwanafalsafa wa Uingereza aliyekana Mungu maisha yake yote. Mwaka 1988 alikabwa na kipande cha samaki hospitalini na moyo wake ukasimama kwa dakika nne. Alipozinduka aliandika gazetini kwamba aliona nuru nyekundu, kali hadi kuumiza, ambayo alijua ndiyo inayotawala ulimwengu. Alikiri kwamba tukio lile limemlegeza kidogo katika uhakika wake kwamba kifo ni mwisho. Baadaye akarekebisha: kilicholegea si msimamo, ni ukaidi wa kutotaka kuuchunguza. Hakumwomba mtu amtafsirie.

Sisi wengi hatuachwi tutafsiri wenyewe. Mtu aliyekabwa na jinamizi usiku, akaamka macho wazi lakini mwili umekufa ganzi na kitu kizito kimemkalia kifuani, anajua hakuota. Daktari atamwambia ni usingizi kumwachia akili kabla ya misuli. Lakini mwaka 1995, Pemba na Unguja, jina lililokuwa likisubiri lilikuwa Popobawa, pepo wa usiku. Watu walikesha nje mbele ya moto, na hofu ikapanda mpaka mtu mmoja mgonjwa wa akili akauawa na umati uliodhani ndiye. Uzito kifuani ulikuwa wa kweli kwa kila aliyeusimulia. Aliyeuawa aliuawa na tafsiri.

Tafsiri hizi hazibaki rohoni mwa mtu. Wapenzi wa soka watamkumbuka Glenn Hoddle, kocha wa Uingereza aliyeifikisha timu katika hatua ya 16 bora kwenye Kombe la Dunia la 1998. Mwishoni mwa Januari 1999, katika mahojiano na gazeti la The Times, alizungumzia imani yake ya kuzaliwa tena, na yakachapishwa maneno yaliyomaanisha kwamba waliozaliwa na ulemavu wanavuna walichopanda katika maisha yaliyopita. Alilalamika kwamba ameeleweka vibaya. Februari 2 hakuwa na kazi. Swali lenyewe ni la zamani. Katika Yohana 9 wanafunzi wanamuuliza Yesu kuhusu kipofu wa kuzaliwa: nani alitenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake? Naye anajibu kwamba si huyu wala wazazi wake.

Wahindu na Mabuda wengi watasema Hoddle alichukua fundisho akaacha huruma inayokwenda nalo, na wana haki. Watauliza pia, na sijui mchungaji gani ana jibu jepesi: mtoto aliyeishi siku mbili akafa, maisha yake yalikuwa ya nini ikiwa hana mengine? Kuzaliwa tena angalau kunampa nafasi. Lakini fundisho hilohilo limetumika karne nyingi kuwaambia watu wa matabaka ya chini India kwamba wapo chini kwa haki. B. R. Ambedkar, aliyezaliwa humo na akaongoza uandishi wa katiba ya nchi, alipowatoa wenzake kwa maelfu kutoka dini ya Kihindu huko Nagpur, Oktoba 1956, hiyo ilikuwa moja ya minyororo aliyotaka ikatwe. Huku kwetu "babu amerudi" haimlaumu mtoto kwa lolote. Inampa jina, jamaa na zawadi ya kuku. Nikilazimishwa kuchagua kati ya tafsiri zisizo na ushahidi, hiyo nitaichukua bila kusita.

Mahali ambapo leo suala la nani anatafsiri limekuwa la dola ni Tibet. Dalai Lama wa sasa, kiongozi wa dini wa Watibeti anayeaminika kuwa mtangulizi wake aliyezaliwa tena, alizaliwa Julai 1935. Wa kabla yake alikuwa amekufa Desemba 1933. Mwaka 1937 msafara wa watawa ulifika kwao kijijini, ukamwekea mtoto wa miaka 2 rozari, ngoma ndogo na bakora za marehemu zikichanganywa na nyingine zisizo zake, naye, kwa maelezo yao, akachagua zile za kweli bila kukosea. Mwaka 1995 alimtambua mtoto wa miaka 6 kuwa Panchen Lama mpya, kiongozi wa pili kwa cheo. Serikali ya China ilimchukua mtoto huyo na familia yake, hajaonekana hadharani tangu hapo, na ikamweka mwingine. Mwaka 2007 idara ya dini ya serikali hiyo, inayoongozwa na chama kisichoamini Mungu wala roho, ikatoa Amri Namba 5: hakuna lama, yaani mwalimu wa dini yao, atakayetambuliwa kuwa amezaliwa tena bila maombi kupelekwa serikalini na kibali kutolewa. Julai 2025, akitimiza miaka 90, Dalai Lama alitangaza kwamba cheo chake kitaendelea na kwamba wenye mamlaka ya kumtambua mrithi ni taasisi yake pekee. Beijing ikajibu kwamba kibali ni chake. Basi huenda siku ikafika tukawa na watoto wawili katika nchi mbili, kila mmoja amewekewa rozari mbele yake, na kila upande una mashahidi wa kuapa kwamba wa kwao hakukosea hata kitu kimoja.